Sonara na Ua Alilomnyima Mama

Sonara wetu wa Majengo hakustahimili kitu kilichozidi. Ulimpelekea hereni zenye vishada azizibe ufa, akakurudishia hereni zimezibwa vizuri, hazina vishada, na vishada vyako pembeni vimefungwa kwenye karatasi. Hakuwa mwizi. Angekuwa mwizi tungemzoea, maana masonara ndivyo wanavyosemwa kila mahali. Yeye dhahabu yako alikupa yote akakunyima urembo, na kwa wanawake wa Majengo wa miaka ile hilo halikuwa na msamaha. Bangili zake tuliziita bangili uchi. Mama yangu akipita mbele ya kibaraza chake alikuwa akisema kwa sauti ili wapita njia wasikie:

"Stara, Fundi. Wavishe hao watoto."

Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Kizuri chajiuza, Mama Mwanaisha. Kibaya ndicho chajitembeza."

"Mbona basi chako hakijauzwa?"

"Kinamngoja mwenye macho."

Mwanaisha ndiye mimi. Nilikuwa msichana mzima wakati huo, ulimi mkali kama wa mama yangu, na chumba cha sonara kilikuwa ng'ambo ya njia kutoka kwetu, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Alikaa juu ya ngozi ya mbuzi, jiko la makaa kushoto, fuawe dogo kulia, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Moto aliupuliza kwa mdomo kupitia mrija wa shaba, mashavu yamefura, na hapo tu ndipo alipokuwa kimya. Wakati mwingine wote alizungumza. Mtu aliyechukia mapambo kwenye bangili alikuwa nayo tele mdomoni. Ukimwuliza bei ya chumvi, jibu lilianzia Unguja likapitia Kampala kabla ya kufika dukani.

Kofia yake nayo ilikuwa imejaa nakshi mpaka kitambaa chenyewe hukioni. Majengo nzima haikuwa na kofia ya kazi kama ile. Siku moja nilimchokoza nikamwuliza mbona kichwa chake hakifuati sheria ya mikono yake.

"Kofia nilishonewa," alisema. "Mtu akikushonea, hupunguzi."

Nani alimshonea, hakusema, na mimi sikuuliza zaidi. Jingine la kuchekesha ni kwamba alikuwa mtu wa saa asiyejua saa. Zaidi ya dhahabu alitengeneza saa za mkono, akazifungua na kuzifunga zikaenda sawasawa na adhana, lakini yeye mwenyewe alichelewa mazishi, alichelewa harusi, na pilau alilikuta ukoko. Akiambiwa, husema saa ni za wateja.

Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wengi. Kabla ya kupokea kazi alitaka kuona mkono utakaovaa. Hakuugusa, alikupa uzi ukajipima mwenyewe, naye akautazama mkono ule kama mtu anavyotazama kiwanja kabla ya kujenga. Ukianza kumwambia unataka mchoro huu na ule, alikukatiza. "Mkono ndio pambo. Mimi nauwekea mpaka tu." Wengine walitoka hapo wakaenda mjini kwa Wahindi.

Huko mjini ndiko alikojifunza. Kwa miaka kadhaa aliketi chumba cha nyuma cha duka la vito, mahali ambapo mabibi wa Kizungu walileta saa zao zitengenezwe. Alitusimulia saa moja iliyozungukwa almasi pande zote, na almasi juu ya almasi, hata uso wake ukabaki mdogo kama punje ya dengu. Aliitazama, akamwuliza tajiri wake: huyu mama anataka kutazama saa au anataka kutazamwa? Tajiri akamwambia akachukue vyombo vyake. Watu wengine walisema alifukuzwa kwa sababu nyingine, ila mimi naamini kisa chake, kwa kuwa nimeona jinsi alivyoshindwa kufunga mdomo pale palipomfaa kuufunga.

Nilichumbiwa na karani wa reli aliyekaa Muthurwa, kwao Mombasa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mitaa ilizungushiwa seng'enge, huvuki langoni bila kipande cha utambulisho, na mtu uliyemsalimia asubuhi jioni unasikia amepakiwa kwenye lori. Tulizungumza kwa sauti ya chini hata tukiagiza mboga. Katikati ya hayo, shangazi wa mchumba wangu alituma neno kwamba bibi harusi wao lazima avae saa ya dhahabu. Ndiyo iliyokuwa fasheni ya mjini: bangili ni za wazee, msichana wa kisasa huvaa saa. Mchumba wangu akaleta saa ndogo ya kike, mashine nzuri ndani ya kasha la bati. Dhahabu ya kuivisha ikawa juu yetu.

Tulikuwa nayo ya namna moja tu, bangili nene za bibi yangu, zimechorwa maua ya asumini. Kitu kingine cha thamani nyumbani mwetu hakikuwepo. Na dhahabu kwa mwanamke si pambo peke yake. Mume akigeuka, hiyo ndiyo nauli ya kurudi kwenu. Mama alizifunua kutoka kwenye kitambaa mbele ya sonara, akaziweka juu ya ngozi ya mbuzi, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya utani.

"Ziyeyushe, Fundi. Lakini ua moja libaki. Moja tu, popote utakapoona."

"Halina kazi, Mama Mwanaisha."

"Kazi yake ni kuwa la mama yangu. Alikuwa akiligusagusa akizungumza."

Sonara alinyamaza. Sasa, kwetu sisi kimya ni kukubali. Hata msichana akiulizwa habari ya ndoa yake akainamisha kichwa asiseme, wazee husoma Fatiha. Basi tukaondoka tukijua amekubali. Hilo ndilo kosa letu, na nadhani hakuna watu wengine ambao wangelifanya.

Alipoileta saa, Mama aliifungua kwenye karatasi akaigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa bangili moja pana, laini, isiyo na mwanzo wala mwisho, na uso wa saa umekaa ndani yake bila kutokeza. Hata kung'aa haikung'aa. Sonara alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka ikatulia rangi. Usoni hapakuwa na namba. Palikuwa na mishale miwili na kitone kimoja juu, basi.

"Ua liko wapi?" Mama aliuliza.

"Nililijaribu. Lilikuwa linapiga kelele."

Mama alikaa kitako mlangoni. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya kitu. Mwaka ule tulishalia vya kutosha kwa ajili ya watu. Alilia bila sauti, kitambaa cha bibi mkononi. Mimi nilimwita sonara jina ambalo siliandiki hapa. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikamwambia kama ameondoa maua na ameondoa namba, aendelee tu aondoe na mishale.

"Wewe ukiamka asubuhi unasema saa ngapi?" aliniuliza, kama kwamba sikumtukana.

"Saa moja."

"Na kwenye saa ya duka, mshale uko kwenye namba ngapi?"

"Saba."

"Sasa nikuandikie uongo mkononi kwa nini? Hii nimeitega kwa saa zetu. Mishale yote ikifika kwenye kitone, jua limezama. Kutoka hapo unahesabu mwenyewe."

Tangu siku hiyo Mama hakumsalimia tena. Kwa mwanamke ambaye kumtania sonara kulikuwa kama kunywa chai, hiyo ilikuwa adhabu kwake pia.

Shangazi alifika kutoka Mombasa kutazama vyombo vya bibi harusi, kama ilivyo ada. Wanawake wakakaa mkekani, kaimati zikapita, saa ikatolewa. Shangazi aliishika kwa vidole viwili.

"Hii ni saa au kifuniko cha chupa?"

Hakuna aliyecheka. Akauliza bangili nene alizoambiwa zimekwenda wapi, na kila mtu pale mkekani alielewa anauliza nini: ama sisi waongo, ama sonara mwizi, na kwa vyovyote harusi ina dosari. Mama, aliyeapa hatamsemesha, akatuma aitwe. Alikuja amechelewa, na kofia yake ya nakshi, na mizani yake ya vikombe viwili. Mama alikuwa amehifadhi mbegu za tipitipi ambazo bangili za bibi zilipimiwa. Sonara akaweka mbegu upande mmoja, saa bila mashine yake upande mwingine. Mizani ikaelemea kwenye mbegu. Shangazi akavuta pumzi. Ndipo sonara akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akamimina vumbi la dhahabu na vipande alivyovipunguza, na vikombe vikasimama sawa.

"Sawa," shangazi alisema. "Si mwizi. Lakini ukumbini nani ataiona?"

"Mwenye macho," sonara akajibu, na hapo hata mimi nilitamani kumpiga.

Kuna kitu kingine alichokipunguza, nacho ni habari zake mwenyewe. Akisalimiwa Kikikuyu alijibu Kikikuyu, kwa Kikamba Kikamba, na akikaa na watu wa Mombasa ungeapa amezaliwa mtaa wao wa Kuze. Wazee wa barazani walibishana kabila lake miaka nenda miaka rudi, na yeye akawasikiliza kama wanamjadili mtu mwingine. Ukimwuliza ana kwa ana hukwambia: "Jina langu unalo, kazi yangu unaiona. Kilichobaki ni nakshi." Wakati wa amani lilikuwa jambo la kuchekesha. Katika miaka ile kabila lilikuwa ndilo swali la kwanza la kila askari, na jibu lake ndilo lililoamua utalala wapi.

Walikuja alfajiri, harusi yangu imekaribia. Kulipokucha Majengo ilikuwa imezingirwa, na kipaza sauti kikaamuru kila mtu atoke. Mama alinivisha saa akaishusha kanga juu yake. "Watapekua nyumba," alininong'oneza. "Heri iwe mwilini." Tukachuchumazwa kwenye kiwanja cha mpira, wanawake huku, wanaume kule. Jua likapanda. Ofisa kijana wa Kizungu, shingo imemwiva, akapita mistari ya wanawake akiwa na askari mmoja wa kumtafsiria. Askari alibeba mfuko. Saa, pete, mikufu, vyote viliingia mfukoni; eti vitachunguzwa kama si vya wizi. Jirani yetu alivuliwa hereni alizovaa tangu utotoni, nasi tukajua havitarudi.

"Mkono," askari aliniambia. "Vua hiyo."

Niliivua. Bangili zote za bibi yangu, harusi yangu, nauli yangu ya kurudi kwetu, vikawa kwenye kiganja cha kijana yule wa Kizungu. Aliisugua kwa kidole gumba. Akaitazama usoni, akainua mkono wake akatazama yake, akasema maneno huku akitabasamu.

"Anasema shaba hii umeipata wapi."

"Nilitengenezewa."

"Anasema aliyekutengenezea amekuibia. Saa yenyewe mbovu. Yake inasema kumi, hii yako inasema nne."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kila aliyechuchumaa pale alijua kuwa ni saa nne, na askari yule, aliyezungumza kwa lafudhi ya watu wa magharibi mwa nchi, tangu utotoni mwake wakati kama ule aliuita saa nne kama mimi. Aliitazama saa. Akanitazama. Akamgeukia mkubwa wake akasema maneno machache ya Kizungu, na kijana akanitupia saa mapajani kama mtu anavyotupa ganda la ndizi.

"Nimemwambia ni mbovu kweli," askari alisema akipita. "Vaa upesi, dada."

Sikupata nafasi ya kushukuru, kwa kuwa kule upande wa wanaume askari wengine walikuwa wamefika kwa sonara, na tulikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Kabila?"

"Sonara."

"Nimekuuliza kabila, mzee."

"Nami nimekujibu, bwana. Sonara."

Askari alimkamata bega ili ampeleke kwenye mstari wa malori. Hapo Mama akainuka. Kuinuka bila kuamriwa kulikuwa kutafuta risasi, lakini aliinuka, kanga imemwanguka kichwani.

"Huyo ni ndugu yangu," alisema.

"Ndugu wa namna gani?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Kwetu Lamu. Uliza mtu yeyote."

Wanawake tukaitikia, ndiyo, ndugu yake, wa Lamu. Hata wazee wa barazani waliobishana miaka yote wakaitikia. Askari alikuwa amechoka na jua. Niliona kabisa anataka jambo liishe. Akamgeuza sonara amtazame Mama.

"Mzee, huyu ni dada yako?"

Kuitikia kwa kichwa kungetosha. Kunyamaza kungetosha, na mbele ya Mama alishawahi kunyamaza pasipofaa. Alimtazama Mama kwa muda, akamtazama askari.

"Hapana, bwana. Ni mteja wangu."

Wakamchukua. Mama alibaki amesimama mpaka nikamvuta kanga akachuchumaa. Hata uongo wa kumwokoa alikuwa ameuona ni pambo.

Niliolewa nikiwa na saa yangu. Shangazi alisema kweli, ukumbini hakuna aliyeiona. Kisa cha mzungu kilienea, na watu wa Majengo, waliozicheka bangili uchi, wakaanza kusema sonara aliona mbali: alijua dhahabu zitaporwa, akazitengeneza zifanane na shaba. Akawa kama walii. Mama hakusema lolote juu yake, wala la wema wala la ubaya. Alifariki kabla Hali ya Hatari haijaondolewa.

Mara ya mwisho nilipomkuta sonara, muongo ule ulikuwa unakwisha. Nilikuja kutoka Muthurwa kutazama chumba chetu, nikamwona ng'ambo ya njia, juu ya ngozi ya mbuzi kama kwamba hakuondoka. Kofia yake ya nakshi haikuwepo. Alivaa nyeupe ya kununua, haina hata uzi mmoja wa rangi. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda na havikunyooka tena.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Ametutoka."

Akasoma dua, kisha akanyamaza muda mrefu, na makaa hayakuwa yakipulizwa. Ndipo akauliza kama saa inakwenda. Nikamvulia. Nikamsimulia habari za mzungu, nikamshukuru kwa kuona mbali kama watu wanavyosema. Alikasirika mpaka akakohoa.

"Nani anasema? Mimi sikutengeneza maficho. Nilitengeneza saa."

Alipotulia, aliigeuza mgongoni akaipapasa.

"Ule uongo wa mama yako," alisema. "Kule kambini nilikuwa nikiurudia moyoni. Baba mmoja, mama mmoja, kwetu Lamu. Mimi hata Lamu sijawahi kufika." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Mtu akikushonea, hupunguzi. Nilisema mwenyewe. Mama yako akanishonea undugu mbele za watu, nikauvua."

Akachukua kalamu yake ya chuma ya kuchorea. Nilitaka kumwambia aache, vidole vyake havikuishika sawasawa, na ile ndiyo dhahabu ya bibi yangu iliyopona kwa mzungu. Sikusema. Nilinyamaza, naye akaelewa kimya changu kama sisi tunavyokielewa.

"Usoni siwekei kitu," alinionya. "Usoni pako sawa."

Alichora mgongoni, pale panapogusa ngozi. Alikaa sana. Kalamu iliteleza mara nyingi, naye akashusha pumzi na kuanza tena. Alipomaliza alinipa bila kunitazama. Lilikuwa ua la asumini, jani moja kubwa kuliko mengine, na kikonyo kimekwenda upande.

"Limepinda," alisema.

"Limepinda," nikakubali. Nililia pale barazani mbele ya wapita njia, na sikujifuta.

Sikumwona tena. Saa ninayo, na ukumbini bado hakuna anayeiona. Jioni mishale inapokutana kwenye kitone huwa naivua nikatawadhe, na ua la Mama linakuwa limejichapa kwenye mkono wangu. Wajukuu wangu wananiambia kwamba nikizungumza nina tabia ya kuingiza kidole chini ya saa nikigusagusa kitu. Wananiuliza ni nini. Nawaambia wasubiri nimalize ninachosema.